Santa Clara, Cuba: mji wa Marta kabla haujawa wa Che

JUMANNE

Havana mpaka Santa Clara ni kama kilomita 270 na basi la watalii lilikuwa limejaa, kwa hiyo nikaingia kwenye teksi ya kushea, Chevrolet ya miaka ya 50 ambayo kilichobaki cha Kimarekani ni bodi tu, injini ni ya dizeli imetolewa sijui kwenye gari gani. Tulikuwa abiria watano pamoja na ndoo ya rangi na keki ya bethdei ambayo mwenyewe aliipakata njia nzima. Barabara yao kuu ni pana kweli, njia tatu kwenda tatu kurudi, lakini magari yenyewe ya kuhesabu, unakaa dakika kadhaa hamjapishana na mtu halafu ghafla mkokoteni wa farasi huyo katikati ya lami. Pembeni watu wamesimama na noti mkononi wanaomba lifti, wengine wananing'iniza mafungu ya vitunguu saumu na vibonge vya jibini, dereva akipunguza mwendo tu wanakimbilia dirishani.

Niseme mapema kwa nini nilikwenda huko, maana watalii wengi wakifika Cuba wanazungukia Havana na fukwe za Varadero basi. Mimi ni mtu wa Kigoma, na kwetu Che Guevara siyo wa kwenye tisheti tu. Aprili 1965 alipita kwetu akavuka ziwa usiku kwenda upande wa Kongo na kikosi cha Wakuba, karibu wote weusi, na wakapeana majina ya siri ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, Che mwenyewe Tatu. Mwezi wa 11 mwaka huohuo wakarudi Kigoma vita vimewashinda. Mifupa yake sasa iko Santa Clara, nikasema lazima nifike.

Basi nimefika jioni, mji mzima giza. Mama mwenye nyumba niliyopanga chumba (huku watu wanapangisha vyumba majumbani kwao kwa leseni, mlangoni kunakuwa na alama ya bluu) kanipokea na taa ya kuchaji mkononi, akasema umeme umekatika saa sita mchana na utarudi ukirudi. Akanipa wali na maharage meusi na muhogo uliochemshwa ukamwagiwa kitunguu saumu, mafuta na maji ya machungwa machungu, nikala mpaka nikaona aibu. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Che. Akacheka akasema, "Mijo (mwanangu), wote mnakuja kwa ajili ya Che, mnakaa masaa mawili mnaondoka. Huu mji ni wa Marta." Sikumjua Marta ni nani. Nikalala.

JUMATANO

Asubuhi nimekwenda Parque Vidal, ndiyo roho ya mji, kila njia inaishia hapo. Santa Clara ni mji wa watu zaidi ya laki mbili lakini ukikaa kwenye benchi pale lisaa limoja unaweza kudhani umewaona wote: wanafunzi wa sare, wazee wa domino, vijana wanaotafuta intaneti, wauza karanga wa kwenye vikaratasi vilivyosokotwa. Pembeni kuna hoteli ndefu ya rangi ya kijani inaitwa Santa Clara Libre, na ukiangalia ukutani kwa mbele utaona matundu ya risasi za Desemba 1958, wameyaacha makusudi.

Zamani katikati ya bustani hii lilikuwepo kanisa kuu la mji, wakalibomoa 1923 ili kupanua bustani. Na jina Vidal ni la Leoncio Vidal, kanali wa jeshi la uhuru aliyeuawa hapohapo 1896 alipoingia mjini kupigana na Wahispania.

Lakini kilichonikalisha pale muda mrefu ni habari nyingine. Kabla ya mapinduzi ya 1959 bustani hii ilikuwa na mpaka wa rangi. Wazungu wanatembea duara la ndani, weusi duara la nje, muziki wanausikia wote ila kila mtu na upande wake. Haikuwa karne ya 19, ni miaka ya 1950, wapo wazee hai mjini hapa waliozunguka duara la nje wakiwa watoto. Dreke, yule Moja wetu, amezaliwa 1937 Sagua la Grande ambayo iko mkoa huuhuu wa Villa Clara, na ubaguzi wa namna hii ni mojawapo ya mambo aliyoyasimulia kuhusu ujana wake. Nikamfikiria kijana ambaye kwao anakatazwa kukanyaga duara la ndani la bustani, miaka michache baadaye yuko Kigoma anapanda mtumbwi wa injini kwenda kupigana vita vya watu wengine. Sijui kama ingekuwa mimi ningeenda.

Na huyo Marta sasa. Sanamu yake iko hapo bustanini, mama amekaa kwenye kiti, ametulia. Marta Abreu de Estévez, alizaliwa hapa 1845, akafia Paris 1909. Familia yao ilikuwa na hela za kutisha, na hela yenyewe ni ya sukari, na sukari ya Cuba ya wakati ule ni ya watumwa, hilo tusilifunike. Utumwa Cuba ulikwisha 1886 tu. Lakini matajiri wa sukari walikuwa wengi, wakajenga majumba Havana na Paris wakala maisha, huyu mama alichofanya ni kuirudishia Santa Clara hela kwa namna ambayo sijawahi kusikia mtu mmoja kafanya kwa mji mmoja. Shule za watoto maskini, wakiwemo weusi. Zahanati. Makao ya wasiojiweza. Mabafu na majengo ya kufulia nguo karibu na mto, kwa sababu aliona akina mama wanaofua nguo za watu wanakaa mtoni juani siku nzima magoti kwenye mawe. Ukifikiria, tajiri wa kawaida anajenga kanisa au sanamu, nani anawaza wafua nguo?

Halafu umeme. Februari 1895 ndiyo mtambo wa umeme aliogharamia ulipowasha taa za mji, mwezi uleule vita vya uhuru vilipoanza. Nilisomewa habari hii na mlinzi wa makumbusho akiwa amewasha tochi ya simu. Hakucheka na mimi sikucheka.

Kazi yake inayoonekana zaidi ni ukumbi wa Teatro La Caridad, uko hapo pembeni ya bustani, ulifunguliwa Septemba 1885. Kwa nje wa kawaida tu, ukiingia ndani unakuta dari limechorwa lote na Camilo Zalaya, viti vya chuma na mbao, vibaraza vya ghorofa vimezunguka. Caruso mwenyewe aliimba humo 1920 alipozunguka Cuba. Jina lina maana yake pia: Marta aliukabidhi kwa mji kwa sharti kwamba mapato yake yasaidie maskini, yaani matajiri wakija kusikiliza opera wanalipia shule ya mtoto wa mtaani bila kupenda. Wakati wa vita akawa anatuma hela kwa wapiganaji kutokea Paris, na Jenerali Máximo Gómez, mkuu wa jeshi la uhuru, alisema kwamba ukitaka kumpa huyu mama cheo jeshini itabidi kiwe sawa na cha kwake yeye Gómez. Mume wake, Luis Estévez, ndiye aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais wa Cuba 1902, lakini hapa mjini hakuna anayemtaja, ni mume wa Marta basi.

Mchana nikanywa guarapo, maji ya miwa na barafu, mashine ya kukamua ya mkono maana umeme hakuna. Glasi mbili. Ilinikumbusha Feri.

ALHAMISI

Leo ya Che. Nimepanda coche, usafiri wa mji huu, mkokoteni wa farasi wenye paa na mabenchi mawili yanayotazamana, ndiyo daladala yao kabisa, una ruti yake na nauli yake na watu wanagonga ubavuni wakitaka kushuka. Ulishika kasi miaka ya 90 baada ya Urusi kuacha kuwapa mafuta, mabasi yakafa, farasi wakarudi, na mpaka leo hawajaondoka. Farasi anafungiwa gunia nyuma kwa ajili ya kinyesi. Siyo wote wanafunga.

Uwanja wa mapinduzi uko nje kidogo ya katikati ya mji. Sanamu ya shaba iliyochongwa na José Delarra iko juu kwenye nguzo, Che kashika bunduki, mkono mmoja una bandeji kwa sababu kweli aliuvunja siku chache kabla ya kufika Santa Clara. Ilizinduliwa Desemba 1988, miaka 30 baada ya vita, wakati huo mwili wake bado haujulikani ulipo. Mifupa ikapatikana Vallegrande, Bolivia, 1997, na Oktoba 17 mwaka huohuo ikazikwa hapa, Fidel mwenyewe akahutubia. Ndani ya kaburi hakuna kamera, begi unaacha nje, kofia unavua. Chumba kina dari la chini, baridi, taa hafifu, ukutani nyuso zimechongwa za yeye na wenzake waliofia Bolivia, na mwali wa moto ambao hauzimwi. Mlinzi anakupa muda, hakuharakishi, ila ukinong'ona tu anakuangalia.

Upande wa pili ni makumbusho, vitu vyake vya udaktari, picha, bunduki. Nikakaa kwenye picha. Kuna kisa kimoja kinachonifurahisha kuhusu mji huu na Dar es Salaam: mke wa Che, Aleida March, ni mtoto wa huku Las Villas (mkoa wa huku ulivyoitwa zamani), alisoma chuo hapa Santa Clara, alikuwa mjumbe wa siri wa wapiganaji anapitisha hela na barua. Kongo ilipoharibika, Che alikaa mafichoni ubalozini Dar miezi kadhaa akiandika, balozi wakati huo Pablo Ribalta ambaye alipigana chini yake, na Aleida akasafirishwa kwa siri akamfuata huko mwanzoni mwa 1966. Wakakaa chumbani Dar es Salaam bila kutoka nje. Yaani watu wanapita barabarani wanaenda Kariakoo hawajui nani yuko nyuma ya pazia.

Mchana nikatembea mpaka penye treni. Hii ndiyo ilifanya mji uingie vitabuni. Desemba 1958 Batista, dikteta aliyekuwa anatawala Cuba, alituma treni yenye mabehewa ya chuma, imejaa silaha na mamia ya askari, ije kuokoa katikati ya nchi. Che alikuwa na wapiganaji mia tatu na kitu, jeshi mjini lina maelfu na ndege na vifaru. Wakachukua buldoza ya njano ya chuo cha kilimo wakang'oa reli. Desemba 29 treni ikarudi nyuma kutoka mlima Capiro ambako ilikuwa inashambuliwa, ikafika pale ikaanguka, wakaanza kuirushia chupa za petroli. Behewa la chuma ukilichoma moto linakuwa tanuri, askari wakatoka mikono juu. Buldoza bado iko hapo juu ya zege, mabehewa wameyapanga kama yalivyolala. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi kwa kweli, ni sehemu ndogo katikati ya reli na mto na treni za kawaida zinapita mita chache tu, lakini siku mbili tatu baadaye, usiku wa kuamkia Januari 1, 1959, Batista alipanda ndege akakimbia.

Ambacho vitabu vinapita haraka ni raia. Waliburuza magari yao kuziba mitaa ili vifaru visipite, walitoboa kuta za ndani za nyumba ili wapiganaji wapite nyumba hadi nyumba bila kutoka barabarani. Mama mwenye nyumba alikuwa mtoto mdogo wakati huo, anakumbuka magodoro yameegemezwa madirishani na harufu. Kijana mmoja waliyemwita El Vaquerito, Roberto Rodríguez, kamanda wa kikosi cha kujitoa mhanga, aliuawa Desemba 30 akiwa na miaka 23, siku mbili kabla ya ushindi. Ana sanamu yake.

Na kuna sanamu nyingine ya Che naipenda kuliko ile kubwa, iko mbele ya ofisi za chama, saizi ya mtu, anatembea amebeba mtoto, ukisogea karibu unaona kwenye nguo na mkanda wamechongwa watu wadogo wadogo. Akina mama wanapitisha watoto wao waishike. Ile ya uwanjani unaitazama kwa shingo.

Usiku El Mejunje. Nitaielezea Jumamosi, leo nilikwenda kwa ajili ya magitaa, Alhamisi ni zamu ya Trovuntivitis, kundi la watunzi wa hapahapa linalokutana tangu 1997, kila mtu anaimba wimbo wake anampisha mwenzake. Umeme ulikatika katikati wakaendelea tu, gitaa halina haja ya umeme.

IJUMAA

Remedios, kama kilomita 45 kaskazini mashariki. Huwezi kuielewa Santa Clara bila kufika huku kwa sababu ndiko walikotoka.

Kisa chenyewe ni hivi, na wenyeji wa pande zote mbili bado wanataniana nacho. Remedios ni mji mkongwe, wa mwanzoni mwa miaka ya 1500, uko karibu na bahari na maharamia wakawa wanaupora kila wakichoka. Baadhi ya watu wakataka kuhamia bara. Padri wao, José González de la Cruz, akaongeza chumvi, akatangaza kwamba mji umeingiwa na mashetani malaki kwa malaki, lazima watu wahame. (Alitaka wahamie kwenye ardhi yake, msishangae.) Wakagawanyika. Julai 15, 1689 familia kadhaa zikapanda kilimani huko bara wakasali misa ya kwanza chini ya mti, hiyo ndiyo Santa Clara. Waliobaki wakagoma kata kata, na Januari 1691 wale waliohama wakarudi na silaha na amri ya serikali wakauchoma Remedios moto ili ndugu zao wakose pa kukaa. Hawakuhama. Wakajenga tena, na mji upo mpaka leo, mzuri, umetulia, una makanisa mawili kwenye uwanja mmoja. Ndani ya kanisa la San Juan Bautista altare imepakwa dhahabu yote na ilifunikwa rangi nyeupe kwa miaka mingi, ikaja kugunduliwa karne ya 20 walipoanza kukwangua.

Remedios pia ndiyo kwao parrandas. Padri mwingine, huyu wa 1820 hivi, aliona watu hawaji misa za alfajiri za Desemba kwa sababu ya baridi, akawatuma watoto wapige makopo na filimbi mitaani watu waamke. Watu wakaipenda kelele kuliko misa. Ikawa mashindano ya mitaa miwili, San Salvador wenye nembo ya jogoo na El Carmen wenye mwewe, kila tarehe 24 Desemba wanashindana kwa majengo ya taa marefu kama maghorofa, magari ya maonyesho na fataki usiku kucha. UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake 2018 pamoja na za miji mingine ya katikati ya Cuba. Nilikwenda makumbusho ya parrandas, niliyekuwemo ni mimi na mzee anayelinda, yeye ni wa San Salvador na alinionyesha vitu vya El Carmen kwa kasi ya ajabu, akafika kwa jogoo akapumzika. Nikamuuliza nani hushinda. Akasema hakuna majaji, kila mtaa asubuhi unatangaza umeshinda na kuzika mwenzake.

Nilitaka kufika mpaka visiwani, Cayo Santa María, ambako wamejenga barabara ya mawe juu ya bahari, kilomita 48, hoteli kubwa kubwa Wakanada wanashuka na ndege moja kwa moja. Lift sikupata. Ila stendi saa kumi na moja jioni niliona mabasi ya wafanyakazi yanarudi, wahudumu wa hoteli, wapishi, wanashuka na mifuko. Dada mmoja aliyekuwa mwalimu wa kemia aliniambia aliacha kufundisha, anatandika vitanda huko, bakshishi ya wiki inazidi mshahara wake wa zamani. Hakusema kwa huzuni wala nini, alikuwa anatafuta coche.

JUMAMOSI

Siku ya kujua watu wanaishije. Nimeanza soko la karibu na uwanja wa Sandino: mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi za kupika, yaani ukinifumba macho ukanifumbua hapo ningeanza kusalimia watu kwa Kiswahili. Bei kila mtu analalamika. Kuna kitabu cha mgao wa chakula, kipo tangu 1962, kila familia nacho, mchele, sukari, maharage kwa bei ya bure, lakini siku hizi vinakuja kidogo na vinachelewa. Pengo linazibwa na maduka madogo ya watu binafsi, serikali iliyaruhusu 2021, sebule ya mtu imegeuzwa duka, unakuta kuku wa Marekani na tambi na bia za nje, bei yake mstaafu anasoma anaondoka. Mwaka huohuo wa 2021 walifuta ile pesa yao ya pili iliyokuwa inatumika na watalii, ikabaki peso moja, na thamani yake ya benki na ya mtaani haviongei.

Sukari, ile iliyomtajirisha baba yake Marta, imekufa. Cuba ya 1970 ilitoa tani milioni 8 na nusu, siku hizi nusu milioni haifiki. 2002 serikali ilianza kufunga viwanda vya sukari, mkoa huu uliumia sana, kimoja huko Caibarién kimebaki makumbusho ya treni za mvuke. Nchi ya miwa inaagiza sukari nje. Mama mwenye nyumba ananipimia kijiko.

Kinachosimama bado ni tumbaku. Kiwanda cha sigara kubwa kiko katikati ya mji mtaa wa Maceo, ukipita nje unanusa. Ndani watu wamekaa kwa safu, majani mapajani, kisu cha nusu duara, na mbele yao kuna msomaji, kazi yake ni kusoma. Asubuhi gazeti, baadaye riwaya. Desturi hiyo ina zaidi ya miaka 150 Cuba, mwanzoni wafanyakazi walichanga wenyewe kumlipa, na ndiyo maana mafundi sigara wamekuwa watu wanaojua siasa kuliko mabosi zao. Wakifurahia kusoma wanagonga visu mezani.

Kiwanda kingine maarufu ni INPUD, Che alikifungua 1964 akiwa waziri wa viwanda, kikatengeneza mafriji na majiko na masufuria ya presha, ukiingia jikoni kwa bibi yeyote Cuba kuna kitu chake. Friji la mama mwenye nyumba ni la huko, lina umri wa kuitwa shikamoo, amelibadilisha mpira wa mlango kwa mpira wa baiskeli. Linafanya kazi pale umeme unapotaka.

Chuo kikuu nacho kinabeba mji, Universidad Central "Marta Abreu" de Las Villas, unaona jina hilo tena, kilianza kufundisha 1952, kiko nje kwenye barabara ya Camajuaní. Desemba 1959 walimpa Che udaktari wa heshima, akaenda na magwanda yake akawaambia wajipake rangi ya weusi na machotara, siyo wanafunzi tu, na walimu pia, chuo ni cha wananchi. Katika mji wa ile bustani ya duara mbili, mwaka mmoja tu baada ya mapinduzi. Ningependa kuona sura za maprofesa siku ile.

Usiku nikarudi El Mejunje. Ni gofu la jengo, kuta za matofali zimejaa maandishi, miti imeota ndani, paa ni nyota. Ramón Silverio, mtu wa tamthilia, alilianzisha miaka ya 80, wakati ambapo Cuba ilikuwa inawasumbua sana mashoga, na akafungua mlango kwa kila mtu. Jumamosi ni onyesho la wanaume waliovaa kike, wanaimba boleros, na ukumbi una mabibi na wajukuu zao na wanajeshi wa likizo na vijana wa roki wenye tatuu, maana Santa Clara ni mji wa roki pia. Nimetoka Kigoma, msinitegemee niseme nilikuwa najua niangalie wapi dakika kumi za kwanza. Halafu bibi mmoja akanivuta kucheza na habari ikaishia hapo.

JUMAPILI

Asubuhi Loma del Carmen, kilima cha ile misa ya 1689. Mti ambao walisali chini yake ni mkwaju! Siyo uleule wa kale, umepandwa mwingine mahali pake, umezungushiwa nguzo za marumaru zenye majina ya familia zilizohama. Mkwaju ni mti wa Afrika, sasa ulifikaje kilimani hapa kabla ya mji kuwepo, mimi na mama mmoja aliyekuwa anafagia tulijadiliana kwa Kihispania changu cha kuokoteza hatukufika popote, akaniokotea kwaju mbili tukala bila chumvi.

Bustanini Jumapili watoto wanapanda vigari vinavyovutwa na mbuzi, desturi ya miaka mingi, mbuzi wamevaa lijamu kabisa na wana sura za watumishi wa umma. Jioni bendi ya manispaa inapiga kwenye kibanda cha katikati, Alhamisi na Jumapili, wazee wanacheza danzón taratibu. Hapo ndipo mama mwenye nyumba aliponikuta, amevaa gauni na amejipaka poda, akanionyesha mahali ambapo baba yake alikuwa analazimika kusimama. Yeye ni chotara. Siku zote hizo hakuwa amelitaja.

Watoto wake wawili wako Florida, mmoja Uruguay. Takwimu zao wenyewe za mwisho wa 2024 zinasema watu wa Cuba wameshuka chini ya milioni 10, walikuwa zaidi ya 11, na Santa Clara unaiona hiyo kwenye madirisha, nyumba nzuri zenye kufuli na kibao cha kuuzwa pamoja na vitu vyote vilivyomo.

Kona moja ya bustani wanaume walikuwa wanagombana kwa sauti ya kupigana, nikasogea nikakuta ni besiboli. Villa Clara, wale wa jezi ya machungwa, walichukua ubingwa mara tatu mfululizo 1993 mpaka 1995, na mara ya mwisho ni 2013, na swali la leo lilikuwa nani alaumiwe kwa miaka yote tangu hapo. Waliniuliza naonaje. Nikasema kwetu tunacheza mpira wa miguu. Wakanihurumia kidogo, wakaendelea, na mmoja akaniachia nafasi kwenye benchi.

Kesho saa mbili asubuhi gari ya Cienfuegos.